Nyumbu 99,481

Makumira siku hizi droni haimtoi mtu ndani kwenda kushangaa. Ipo harusini, ipo kwenye mazishi ya watu wakubwa, ipo juu ya viwanja vinavyouzwa kuanzia barabara ya Arusha–Moshi kupanda hadi Akheri na Nkoaranga. Vijana wanaoirusha wana bidii, na wengi wanajua vizuri kazi ya kupiga picha. Kinachonitia hofu ni maneno yanayosemwa baada ya droni kutua, tena kwa uhakika mkubwa: "Tumeshapiga kutoka juu, kila kitu kinaonekana." Kutoka hapo zinazaliwa namba. Shamba lina miche mia nne ya kahawa. Kiwanja kina mita za mraba elfu moja na mia mbili. Mpaka umepita hapa. Namba ikishachapwa chini ya picha ya rangi, mzee aliyerithi mpaka wa mimea ya masale kutoka kwa babu yake anaonekana kama mtu anayebishana na sayansi.

Kisa ninachotaka kusimulia si cha matapeli. Matapeli hawatufundishi mengi, maana dawa yao ni kuwakwepa. Hiki ni kisa cha baba na mwana waliokuwa wakweli na hodari, walioipenda kazi yao kiasi kwamba mmoja wao aliifia, na bado hesabu waliyotuachia iliwapunja nyumbu. Kilitokea jirani, Serengeti, na wanaoendelea na kazi ile ya kuhesabu wanyama leo, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, makao yao makuu yako hapa hapa Arusha.

Mwishoni mwa mwaka 1957, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliondoka Ujerumani na ndege ndogo aina ya Dornier Do 27 hadi Tanganyika. Ndege waliipaka milia ya punda milia. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa mbioni kubadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti na kuiweka Ngorongoro nje, na hakuna aliyejua kwa hakika wanyama wa nyanda zile walikuwa wangapi, wala msimu wa mvua na kiangazi ulikuwa unawapeleka wapi. Yaani mpaka ulikuwa unachorwa kabla ya kujua unamkata nani. Hapa Meru jambo hilo halihitaji maelezo marefu: mwaka 1951 familia zilitolewa kwa nguvu Engare Nanyuki kwa mpaka wa namna hiyo hiyo, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kuieleza dunia.

Akina Grzimek waliona njia ni moja, kuhesabu kutoka angani. Mwanzoni mwa 1958 waliigawa nchi vipande vipande, wakaruka juu yake kwenda na kurudi, wakihesabu kwa macho. Jumla waliyopata ilikuwa wanyama 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481.

Itazame namba hiyo. Haisemi "laki moja hivi". Inasema tisini na tisa elfu, mia nne themanini na moja, mpaka yule mmoja wa mwisho. Msomaji akiiona anajenga picha ya mtu aliyemgusa kila nyumbu kichwani. Lakini mtu aliye ndani ya ndege hawezi kuhesabu kundi la maelfu mmoja mmoja. Anakadiria kwa makumi na kwa mamia, hapa mia mbili, pale mia tano, kisha anajumlisha. Jumla ya makadirio inatoka na tarakimu nyingi, na tarakimu zile zinavaa sura ya uhakika ambao haukuwapo wakati wa kuangalia. Namba iliyochongoka na namba iliyo karibu na kweli ni sifa mbili tofauti, na mtu anaweza kuwa na moja asiwe na nyingine. Hili ningependa lifundishwe kabla ya lenzi na kabla ya kamera.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake ndege ilipogongana na tumbusi. Alikufa akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mwaka huo huo Ngorongoro ikatengwa na hifadhi. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kuufanya ulimwengu uijue nchi yetu kwa wanyama wake, na ramani zao za uhamaji zilionyesha wazi kwamba makundi hayakufuata mistari ya wakoloni. Deni letu kwao ni kubwa. Lakini mtu hupewa heshima yake yote pale hesabu yake inapochunguzwa.

Ilichunguzwa mapema. Mwaka 1961 watafiti wawili, Lee Talbot na D. R. M. Stewart, walifanya sensa nyingine kutoka angani, safari hii makundi makubwa ya nyumbu wakiyapiga picha na kuyahesabu baadaye mezani. Walipata zaidi ya 220,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na miaka ile ugonjwa wa sotoka ulikuwa bado unaua ndama wengi. Idadi haiwezi kupanda zaidi ya mara mbili kwa muda mfupi hivyo. Sehemu ya tofauti ni eneo, kwa sababu Talbot na Stewart walipita Serengeti na Mara yote, hadi upande wa Kenya. Sehemu nyingine ni namna ya kuona, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wa Makumira.

Jicho la binadamu ni kamera nzuri sana. Mbele lina lenzi inayokusanya nuru, lina mboni inayopanuka penye giza na kubana penye jua, na nyuma lina retina inayoipokea nuru ile na kuigeuza habari kwenda kwenye ubongo. Mtu mwenye macho mazima anaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kama sentimita 3 akiwa mbali mita 100. Kutoka kimo hicho nyumbu anaonekana na pembe zake. Macho ya Michael na baba yake, kwa ukali wa kuona, yalizishinda satelaiti nyingi ambazo picha zake zinauzwa leo.

Walichokosa ni muda. Tuseme ndege inakwenda kilomita 180 kwa saa. Hiyo ni mita 50 kila sekunde. Kipande cha mbuga chenye urefu wa mita 200 kinapita chini ya dirisha kwa sekunde nne. Ndani ya sekunde nne kuna vichwa elfu moja, labda elfu mbili, vinavyokimbia kwa sababu vimesikia injini, vumbi limetimka, ndama wako chini ya matumbo ya mama zao, na mhesabuji anatakiwa ataje namba kabla kipande kinachofuata hakijafika. Waliokuja kuichunguza kazi hii kwa kina, kama Graeme Caughley na Mike Norton-Griffiths katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba kosa la jicho katika hali hiyo huegemea upande mmoja. Anayehesabu kutoka ndegeni hupunguza, na kundi linapokuwa kubwa anapunguza zaidi. Kosa la kupunguza siku zote halijisahihishi kwa kurudia. Ukiruka mara kumi utapunja mara kumi.

Kamera inachonunua ni muda huo. Shata hufunguka na kufunga, na zile sekunde nne zinakuwa picha ambayo mtu anaweza kukaa nayo siku nzima akiwa na kalamu nyekundu, akiweka nukta juu ya kila mgongo. Ila shata nayo ina hesabu yake. Kwa mwendo ule wa mita 50 kwa sekunde, shata ikiwa wazi kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, ndege imesogea sentimita 10, na nyumbu bado ni nyumbu. Ikiwa wazi kwa sehemu moja ya 50, ndege imesogea mita nzima, na nyumbu wawili waliosimama karibu wamevutana wakawa doa moja la kijivu. Mpiga picha wa asubuhi yenye mawingu, kama asubuhi nyingi zetu za Juni na Julai chini ya Mlima Meru, anashawishika kuacha shata wazi kwa muda mrefu ili picha isitoke nyeusi. Picha inatoka ang'avu, mteja anafurahi, na miche miwili imekuwa mmoja.

Kuna neno jingine linalotajwa kila siku na kueleweka nusu, nalo ni pikseli. Watu wanauliza kamera ina megapikseli ngapi, kana kwamba hilo peke yake ndilo linaloamua. Swali lenye maana kwa picha ya kutoka juu ni hili: pikseli moja inafunika ardhi kiasi gani? Jibu linapatikana kwa hesabu ya darasa la saba. Chukua upana wa pikseli moja kwenye kihisi cha kamera, zidisha kwa kimo cha kamera kutoka ardhini, gawanya kwa umbali wa fokasi wa lenzi. Pikseli ya mikromita 2.4, lenzi ya fokasi ya milimita 8.8, kimo cha mita 100: kila pikseli inafunika sentimita 2.7 hivi za ardhi. Panda hadi mita 200, inafunika 5.4. Badili lenzi uweke yenye fokasi ndefu mara mbili, unarudi 2.7, lakini eneo linaloingia kwenye picha moja limepungua na utapiga picha nyingi zaidi kulimaliza shamba.

Katika hesabu ile neno la hatari ni "kutoka ardhini". Serengeti ni tambarare kwa sehemu kubwa. Makumira tumekaa kwenye mguu wa mlima wenye zaidi ya mita 4,500, na ardhi yetu inapanda kwenda kaskazini bila kupumzika. Droni nyingi hupima kimo chao kutoka mahali ziliporukia, si kutoka ardhi iliyo chini yao kwa wakati huo. Tuseme kijana amesimama upande wa chini wa shamba karibu na lami, akaipandisha droni mita 100, akaielekeza mlimani. Ikifika mahali ambapo ardhi imepanda mita 40, kwenye skrini bado imeandikwa 100, lakini kutoka ardhini iko mita 60 tu. Pikseli yake sasa inafunika sentimita 1.6. Vitu vyote vinatokea vikubwa kuliko vile vya bondeni, na akipima kwa kipimo kile kile cha kule chini, kila urefu umezidi kwa theluthi mbili na kila eneo limekuwa karibu mara mbili na robo tatu ya eneo la kweli. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 kinasomeka kama 2,700 na kitu. Droni haijaharibika, kijana hajadanganya mtu, na ndugu wawili wamekosana.

Picha si ramani. Ipo njia ya kuigeuza picha iwe ramani, na wapimaji wanaitumia kila siku: unapiga picha zinazofunikana kwa sehemu kubwa, ili kila kichaka kionekane kutoka pembe zaidi ya moja, programu inatumia tofauti za pembe hizo kutambua kimo cha ardhi, unaweka alama chini ambazo mahali pake pamepimwa kwa vifaa vya satelaiti, kisha kila picha inanyooshwa kufuata mlima ulivyo. Matokeo yanaitwa othofoto, na juu yake unaweza kupima kwa rula. Anayekuuzia picha bila alama hata moja iliyowekwa ardhini amekuuzia picha ya ukutani. Na hata othofoto iliyo bora haigeuki kuwa hati. Ramani ya upimaji inapata nguvu ya kisheria ikitengenezwa na mpima ardhi mwenye sifa na kuidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, nacho kinamruhusu mtu kurusha droni. Hakithibitishi namba iliyotoka humo.

Turudi kwa nyumbu, kwa sababu kisa chao hakikuishia kwenye kamera. Sotoka ilipotoweka Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kweli kweli: 1965 walihesabiwa 439,124, na kufikia 1977 walikadiriwa milioni 1.4. Tangu hapo dunia imezoea kusema milioni 1.3. Kisha zikaja picha za satelaiti na kompyuta zilizofundishwa kumtambua mnyama kwenye picha. Mwaka 2025 watafiti wakiongozwa na Isla Duporge walichapisha hesabu ya nyumbu wa Serengeti na Mara iliyotokana na picha za satelaiti za 2022 na 2023. Wanyama walioonekana hawakufika 600,000.

Mtu mwepesi angeandika kichwa cha habari kwamba nusu ya nyumbu wamekufa. Watafiti wenyewe walikataa kusema hivyo, na walikuwa na haki ya kukataa. Satelaiti ile haichoki, haitishi wanyama, inaona maelfu ya kilomita za mraba kwa pigo moja. Katika hilo imewapita Talbot na akina Grzimek kwa mbali. Ilichotoa kama malipo ni ukali wa kuona: pikseli yake inafunika sentimita 30 hadi 60, hivyo nyumbu mzima ni pikseli chache tu, bila pembe na bila mkia, na kompyuta inaamua kwa umbo na kwa utofauti wa rangi yake na majani. Tena satelaiti iko pale ilipo kwa saa iliyopangiwa kupita. Kundi lililokuwa nje ya fremu siku hiyo halimo. Na nyumbu aliyejilaza chini ya mgunga wakati wa jua kali hana pikseli hata moja.

Hapo ndipo vyombo vyote vitatu vinapokutana. Jicho la ndegeni linakosa muda, kamera inakosa upana, satelaiti inakosa ukali, na vyote havipenyi jani. Nuru inayotengeneza picha ni nuru iliyogonga kitu ikarudi. Isiyomfikia nyumbu, au inayozuiwa isirudi kutoka kwake, haina habari zake. Waweza kuongeza megapikseli mpaka kesho, kivuli cha mti kitakuwa na pikseli nyingi za kivuli.

Kwenye shamba la Kimeru jambo hili linauma kuliko mbugani. Sisi hatulimi kahawa kwenye uwanja mtupu. Kahawa inakaa chini ya migomba, migomba inakaa chini ya migrevilea, na chini ya kahawa kuna magimbi na maharage. Ukiwa mita 100 juu unaona majani ya mgomba na vilele vya grevilea. Kahawa unayoiona ni ile iliyo ukingoni, au iliyo kwenye pengo ambapo mgomba ulianguka kwa upepo. Ndiyo maana namba ya miche iliyotoka kwa droni inaweza kuwa robo ya kweli bila mtu yeyote kukosea kuhesabu kilichomo pichani. Hali ni hiyo hiyo kwa kamera za infraredi zinazosifiwa kupima afya ya mimea. Jani bichi lenye nguvu linaakisi nuru ya infraredi kwa wingi, nuru ambayo macho yetu hayaioni, na linanyonya nyekundu. Kamera inalinganisha hizo mbili na kutoa ramani ya kijani na njano. Ramani ile ni kweli kabisa, ila ni kweli ya migomba. Kahawa iliyo chini inaweza kuwa imeliwa na kutu ya majani hadi tawi la mwisho, na shamba likapewa alama ya afya njema.

Kipo chombo kinachojaribu kupita katikati ya majani, nacho ni leza. Inatuma mapigo mafupi ya nuru na kupima muda wa kurudi kwake. Nuru husafiri kama sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo pigo lililochelewa kurudi kwa muda huo limegonga kitu kilicho sentimita 15 mbali zaidi. Kati ya mapigo maelfu, baadhi yanapita kwenye upenyo wa majani na kufika chini. Jirani zetu wa Kilimanjaro wanajua manufaa ya leza: mwaka 2016 mtafiti Andreas Hemp alitangaza mti wa Entandrophragma excelsum wenye mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika. Miti ya aina hiyo alikuwa ameiona miaka 20 nyuma; iliyomwezesha kusema urefu wake ni leza. Lakini hata leza inaeleza kimo na umbo. Haikuambii kama kile kilichogongwa mita mbili juu ya ardhi ni kahawa au mpera.

Najua jibu la wengi: basi tuhesabu kipande kidogo vizuri, halafu tuzidishe. Ni njia halali, ndiyo inayotumika kwa tembo. Ndege inaruka mistari iliyopangwa, fimbo mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa zinamwekea mhesabuji mpaka wa kuangalia, tuseme mita 150 kila upande kwa kimo cha mita 100, na tembo waliomo ndani ya fimbo wanazidishwa ili kufidia eneo ambalo halikupitiwa. Ona hesabu ya lenzi inavyorudi: rubani akipanda hadi mita 120 bila kujua, mita 150 zimekuwa 180, na kila tembo wa ziada anazidishwa pia. Mwaka 2013 mfumo ikolojia wa Ruaha–Rungwa ulikadiriwa kuwa na tembo 20,000 hivi. Sensa ya 2014 ikatoa 8,000 na kidogo. Ikarudiwa 2015, ikatoa karibu 16,000. Tembo hubeba mimba miezi 22. Hawawezi kujiongeza mara mbili kwa mwaka. Ujangili ulikuwa wa kweli na wa kutisha, nchi nzima ilishuka kutoka tembo 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, na hakuna anayepaswa kutumia kupanda na kushuka kwa Ruaha kulifuta hilo. Kinachoonekana hapo ni kwamba kila kadirio lina upana wake, yaani huku chini linaweza kuwa kiasi hiki na huku juu kiasi kile, na kulitaja bila upana wake ni kumnyima msikilizaji nusu ya habari.

Kwa hiyo mazungumzo ningependa kuyasikia shambani ni ya namna hii. Kijana ametua droni, amemsalimu mama mwenye shamba, ameitikiwa marahaba, ameonyesha picha. Mama anauliza:

"Mwanangu, pikseli yako moja ni ardhi kiasi gani?"

"Hapa chini sentimita tatu kasoro, mama. Kule juu zinapungua, kwa sababu shamba linapanda."

"Umesahihisha huko juu?"

"Nimeweka alama tano chini, zimepimwa. Picha zote zimenyooshwa."

"Na kahawa zangu zilizo chini ya migomba umezihesabuje?"

Kijana aliyefundishwa vizuri hapo hatajibu kwa namba. Atasema, "Hizo sijaziona, mama. Twende tukazihesabu kwa miguu."

Wataenda na kamba. Watachagua vipande kumi vya mita kumi kwa kumi, vilivyotawanyika bila kuchagua palipo pazuri: vingine penye migomba mizito, vingine penye mapengo, vingine juu karibu na mfereji, vingine chini karibu na barabara. Katika kila kipande watainama chini ya majani na kuhesabu miche kwa mkono, kisha watalinganisha na miche iliyoonekana kwenye picha ya kipande hicho hicho. Ikiwa kila mahali mkono unapata kama mara nne ya picha, wanaweza kuzidisha shamba lote kwa nne na kusema kadirio pamoja na upana wake. Ikiwa kipande kimoja kinatoa mara mbili, kingine mara tisa, na kingine picha haikuona hata mche mmoja penye miche kumi na mitano, basi picha hiyo haifai kuhesabia kahawa. Itafaa kuonyesha mifereji ilipopita, mapengo ya kupanda migomba mipya, na paa la banda linalovuja upande gani, na mama anaweza kumlipa kijana kwa hayo.